Semina za uandishi kwa mwaka wa kwanza: mada moja muhula mzima, watu wasiozidi kumi na tano. Wana Tanga tuzungumze

#1 Mwalimu_Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba tuujadili kwa utulivu, hasa wenye vijana waliomaliza kidato cha sita na walimu wa vyuo mlio humu.

Kila mwaka vijana wetu wa Tanga wanaingia chuo kikuu na divisheni wani mkononi, na test ya kwanza haijafika wameshapiga simu nyumbani kusema chuo kigumu. Ukiwadadisi, mara nyingi somo lenyewe wanaliweza. Kinachowashinda ni kuandika. Mhadhiri ametoa asaimenti ya kurasa tano, kijana hajui aanzie wapi, kwa sababu tangu aanze sekondari hajawahi kuandika kitu kikarudi kwake kina maswali pembeni, akakaa akakiandika upya. Aliandika, akapewa alama, daftari likafungwa.

Vyuo vinalijua hili, ndiyo maana kozi ya stadi za mawasiliano imewekwa mwaka wa kwanza. Shida ni namna inavyofundishwa. Ukumbi mkubwa, mamia ya wanafunzi, mwalimu mmoja na maikrofoni. Unaambiwa aya ni nini, utangulizi ni nini, marejeleo yanapangwaje. Mtihani ukija unauliza: taja sifa tano za aya nzuri. Kijana anazitaja zote tano, anapata A, na aya yenyewe hajaiandika.

Kuna utaratibu mwingine ambao wenzetu wa Marekani wameuzoea. Harvard wana kozi ya lazima ya uandishi tangu 1872. Cornell walianza semina za mwaka wa kwanza mwaka 1966 na wakazigawa kwa idara nyingi, si idara ya Kiingereza peke yake, kwa hiyo unaweza kufundishwa kuandika na mtu wa historia au wa sayansi. Princeton semina moja haizidi wanafunzi 12. Kila semina ina mada yake mahususi na mwanafunzi anachagua. Muhula mzima mnasoma mada hiyo hiyo na kuandika insha chache tu, na kila insha inapita mikononi mwa mwalimu na wenzako ikiwa bado rasimu, inarudi, unaiandika tena. Kwa kawaida ya kwanza unasoma andiko moja kwa karibu, inayofuata unapambanisha waandishi wanaopingana, ya mwisho unatafuta swali lako mwenyewe na kulifanyia utafiti.

Kwangu mimi mada ndiyo moyo wa utaratibu huu. Mtu haandiki vizuri juu ya kitu asichokijua. Wiki ya kwanza anabahatisha. Wiki ya nane ameshasoma, ameshabishana, anajua nani kasema nini na nani kamjibu, na hapo ndipo anapata jambo la kusema. Ukimbadilishia mada kila wiki, leo ukimwi, kesho rushwa, keshokutwa utandawazi, atabaki anaandika yale yale anayoyajua kila mtu.

Na mada tunazo, tena mlangoni kwetu. Mkonge. Reli. Vita ya Novemba 1914 hapa mjini, ambapo jeshi la Waingereza lililotoka India lilishushwa pwani na kurudishwa majini na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao. Silikanti, yule samaki wa kale. Bomba la mafuta linalokuja Chongoleani. Shaaban Robert aliyezaliwa Machui mwaka 1909, ambaye tunamkariri kama mshairi na kusahau kwamba aliandika insha pia.

Mimi na wenzangu wawili tunataka kuendesha semina moja ya namna hii hapa mjini, bure, kwa vijana wanaosubiri chuo. Nataka mawazo yenu, na nataka mtupinge kwa hoja pale mnapoona tumepotoka.

#2 Mama_Wawili_Makorora

Shikamoo mwalimu. Naunga mkono kwa asilimia zote. Ila msisahau JKT, binti yangu yuko kambini na hawatoki mpaka Agosti huko. Mkianza Julai mtawapata wachache sana. Septemba hivi, kabla vyuo havijafunguliwa, ndiyo nafasi.

#3 Mwalimu_Chumbageni

Marahaba mama. Hilo tulikuwa hatujalipangia vizuri, ahsante. Septemba.

#4 Mdau_wa_Takwimu

Mwalimu mimi nakuheshimu ila huu utaratibu ni wa vyuo vyenye pesa. Chukua programu moja ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi 300. Ukiwagawa kumi na tano kumi na tano unapata semina 20. Nani atazifundisha? Idara ina wahadhiri wangapi, na nusu yao wako masomoni. Na kila mwanafunzi aandike insha tatu, kila insha isomwe mara mbili, hizo ni kazi 1,800 kwa muhula mmoja. Mwalimu gani wa Tanzania ana muda huo na mshahara ule?

Tusipende kitu kwa sababu tu kinafanyika Princeton.

#5 Mwalimu_Chumbageni

Mdau, hesabu yako ni sahihi. Lakini gawanya hizo kazi 1,800 kwa hizo semina 20. Kila mwalimu anabaki na kazi 90, muhula mzima. Ni nyingi, nakubali, ila si mlima usiopandika, hasa ukikumbuka kwamba leo hii mhadhiri mmoja anasahihisha mamia ya karatasi za test zenye majibu yanayofanana.

Walimu 20 watatoka idara zote, pamoja na wakufunzi wasaidizi. Ndicho nilichokipenda kwa Cornell. Mwalimu wa uchumi ana semina yake juu ya masoko, wa jiografia ana yake juu ya mito. Tusiwatwike walimu wa lugha mzigo ambao ni wa chuo kizima, kwa sababu mwanafunzi wa uchumi anatakiwa kuandika kama mchumi.

Tena si lazima chuo kianze na wote 300. Kianze na semina mbili, kione.

#6 Fasti_Yia_Ngamiani

Habari wakubwa zangu. Mimi nimemaliza mwaka wa kwanza sasa hivi, niko nyumbani likizo. Naomba niseme hali halisi.

Asaimenti nyingi tunapewa kwa makundi. Kundi lina watu 15 au 20. Wanaofanya ni wawili, watatu. Wengine jina linaandikwa kwa sababu wamechangia hela ya kuchapisha. Mimi nilikuwa kwenye wale wanaofanya lakini na sisi tunafanyaje? Tunakwenda stesheneri, mwenye stesheneri ana desa, yaani kazi ya wanafunzi wa nyuma, la mwaka juzi, swali ni lile lile, tunabadilisha maneno. Sisemi ili kujisifu. Nasema kwa sababu mwaka mzima sijaandika ukurasa hata mmoja ulio wangu peke yangu isipokuwa ndani ya chumba cha mtihani, na UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, hairudishwi ukaona ulikosea wapi.

Mwalimu, hiyo semina na sisi tulioanza chuo tunaruhusiwa?

#7 Mwalimu_Chumbageni

Karibu sana kijana wangu. Umesema kitu ambacho sisi wazazi hatukioni, kwamba mtu anaweza kumaliza mwaka mzima wa chuo kikuu bila kuandika. Wala usione aibu, utaratibu ndio uliowaweka hapo.

Tufanye jambo moja ili wengine humu waone ninachozungumzia. Andika aya moja sasa hivi, usisome popote, juu ya mkonge na Tanga. Iweke hapa tuifanyie kazi mbele ya watu.

#8 Fasti_Yia_Ngamiani

Sawa mwalimu, hii hapa:

"Mkonge ni zao lililokuwa na umuhimu mkubwa sana katika uchumi wa nchi yetu tangu enzi za mkoloni. Zao hili lilileta maendeleo mengi kama vile reli, bandari, shule na ajira kwa wananchi. Hata hivyo baada ya Azimio la Arusha zao hili lilikufa kutokana na usimamizi mbovu wa serikali."

#9 Mwalimu_Chumbageni

Ahsante. Kiswahili chako safi, sentensi zinasimama. Kwenye mtihani wa kidato cha nne ungepata alama nzuri. Sasa nakuuliza kama ningekuuliza mezani.

"Umuhimu mkubwa sana." Mkubwa kiasi gani, na kwa nani? Mwenye shamba, serikali, au manamba aliyekuwa anakata majani?

"Lilileta reli." Angalia tarehe. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Mwaka huo huo wa 1893 ndipo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipoagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Miche 62 haiwezi kuleta reli. Wajerumani walikuwa na ndoto ya kahawa ya Usambara. Mkonge ulikuja kuikuta reli ikiwa njiani, ukaineemesha.

"Baada ya Azimio la Arusha zao lilikufa." Azimio ni Februari 1967. Tafuta bei ya mkonge kwenye soko la dunia ilianza kushuka mwaka gani, na kwa nini. Ukishapata, rudi uandike upya aya nzima. Usirekebishe neno moja moja, anza upya.

Kuandika hufundishwa kama ushonaji: unashona, fundi anafumua, unashona tena mpaka mkono unazoea.

#10 Mdau_wa_Takwimu

Hilo la reli sikulijua. Siku zote nimeamini mkonge ndio ulioleta reli.

#11 Binti_Dunda

Niwasalimu kutoka Bagamoyo. Nimefuatilia tangu mwanzo, na nataka niseme kwamba jambo hili linatuhusu sisi zaidi hata yenu.

Mabasi ya wanafunzi yanakuja hapa karibu kila wiki msimu wa kiangazi. Wanaanzia Kaole kwenye magofu, wanakwenda Ngome Kongwe, Karavan Serai ilipokuwa ikifikia misafara ya kutoka bara, wanamalizia kwenye makumbusho ya misheni. Saa nne wamefika, saa tisa wameondoka. Nimeshasoma ripoti zao nyingi kwa sababu nafundisha na baadhi huniletea niwasaidie. Zinafanana mpaka nukta. Zote zinasema Bagamoyo ilikuwa kituo cha biashara ya utumwa, zote zina picha ya minyororo, na hapo zinakoma.

Sikatai utumwa, upo na unauma. Lakini mada ya misafara ina mengi ambayo kijana hayaoni kwa saa tano. Watu waliofika hapa na mizigo ya pembe za ndovu vichwani wengi walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, walikuwa na viongozi wao, walikuwa na migomo yao. Ukisema wote walikuwa watumwa umewafuta. Sasa kijana akikaa na jambo hili miezi mitatu, akasoma, akarudi Karavan Serai mara ya pili na ya tatu, ataandika kitu tofauti kabisa.

Semina ya kwanza ningeifanya juu ya mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti. Februari 1874 mwili ulifika Bagamoyo ukitokea Chitambo, Zambia ya leo. Waliobeba ni watu wa msafara wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, mwendo wa miezi kadhaa. Alikuwepo pia Jacob Wainwright, kijana wa Kiafrika aliyesomeshwa shule ya misheni kule Nasik, India. Huyu aliandika shajara ya safari ile. Yeye ndiye aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza na kuwepo kwenye maziko ya Westminster Abbey mwezi Aprili. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, mzee wa watu ameshazikwa.

Wasomesheni vijana habari hiyo kisha waulizeni swali moja tu: kwa nini aliyekwenda na jeneza ni yule anayejua kuandika? Waacheni wabishane muhula mzima. Hapo kila mtu atakuwa na la kuandika, na hakuna desa la kunakili.

#12 Mwalimu_Chumbageni

Binti Dunda, umenipa somo. Hilo swali lako nalichukua kama lilivyo.

#13 Mhandisi_Sahare

Samahani wakuu, naona mnazungumzia historia tu. Sisi wa sayansi mmetuacha. Mimi niko kwenye ujenzi na nakuambieni wahandisi vijana wanaoajiriwa siku hizi hesabu wanajua, michoro wanajua, ripoti ya ukurasa mmoja hawawezi. Anakwenda saiti, anaona ufa kwenye nguzo, anarudi anaandika "kazi inaendelea vizuri isipokuwa changamoto ndogo ndogo". Ufa uko wapi, una upana gani, uliuona lini, hakuna. Kwenye kazi yetu sentensi kama ile inaweza kuua mtu.

Kama mtafanya semina, wekeni mada ya bomba. Kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, na lazima lipashwe joto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Mwambieni kijana amweleze bibi yake, kwa maandishi, kwa nini bomba linapashwa moto. Akiweza hilo bila kutumia neno asilolielewa mwenyewe, huyo mimi namuajiri.

#14 Mvuvi_Msomi

Mhandisi kasema kweli. Kwa upande wa bahari kuna silikanti. Wataalamu waliamini samaki huyu alitoweka zama za dinosari mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu alianza kunaswa kwa wingi kuanzia 2003, kwenye majarife yanayotegwa kwenye maji ya kina kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kati ya Tanga na Pangani.

Hapo kuna ubishi mzuri wa kuandikia. Mvuvi wa Kigombe anaambiwa asitege pale alipotega babu yake, kwa ajili ya samaki ambaye yeye mwenyewe hamli. Mwanasayansi naye ana sababu zake za msingi. Kijana anayetaka kujifunza kuandika hoja aende asikilize pande zote mbili, kisha aandike upande wa mtu asiyekubaliana naye kwanza, kwa haki, mpaka mwenyewe akisoma aseme ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema.

#15 Mzee_Raskazone

Wanangu, nimewasoma wote. Hoja yangu ni lugha. Vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza. Kijana huyu wa Ngamiani ameandika aya nzuri ya Kiswahili na mwalimu amemsahihisha kwa Kiswahili. Akirudi chuoni anatakiwa kuandika kwa Kiingereza, na huko ndiko anakokwama. Mtakuwa mmemsaidia nini?

#16 Mwalimu_Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Ni swali zito na sitalikwepa.

Mimi naona kijana anakwama mara mbili. Anakwama kwa sababu hana hoja, na anakwama kwa sababu hana Kiingereza. Yakija pamoja hawezi kujua lipi linamuumiza, na mwalimu naye anaona Kiingereza kibovu tu, anazungushia makosa ya sarufi kwa wino mwekundu, basi. Aya ile ya mkonge ingeandikwa kwa Kiingereza ingekuwa na matatizo yale yale: umuhimu usio na kipimo, reli iliyoletwa na miche 62. Sarufi hata iwe safi vipi haiwezi kuyaponya.

Kwa hiyo nilivyopanga, rasimu ya kwanza na ubishi wa mezani viwe kwa Kiswahili, mpaka hoja isimame. Rasimu ya pili kwa Kiingereza, lakini asitafsiri. Afunge ile ya Kiswahili, aandike upya akiwa tayari anajua anachotaka kusema. Najua kuna walimu watakaosema hii ni kupoteza muda. Mimi siamini hivyo.

#17 Mzee_Raskazone

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kutotafsiri nakubaliana nawe. Bado nasema Kiingereza chao kinahitaji kazi ya peke yake, na semina ya wiki chache haitoshi.

#18 Mwalimu_Chumbageni

Haitoshi, ni kweli mzee.

#19 Kijana_wa_IT

Wakuu mnazungumza kama vile tuko miaka ya tisini. Siku hizi mwanafunzi anaiambia ChatGPT imwandikie insha ya mkonge, dakika moja iko tayari, Kiingereza kimenyooka. Semina ya nini tena?

#20 Binti_Dunda

Kijana wa IT, ndiyo maana semina inahitajika sasa kuliko miaka ya tisini. Kwenye ukumbi wa watu mia nne mwalimu anapokea karatasi tu, hajui imetoka wapi. Kwenye meza ya watu kumi na wawili nimemsikia kijana akibisha wiki ya pili, nimeona rasimu yake mbovu wiki ya nne, nikamuuliza "hili umelitoa wapi?" akajibu au akashindwa. Akileta kitu ambacho hakikupita mezani, wenzake watakuwa wa kwanza kushtuka.

Na akili mnemba haijafika Karavan Serai kuzungumza na mlinzi wa pale. Mpe kijana kazi inayomlazimu kuinuka kwenye kiti.

#21 Fasti_Yia_Ngamiani

Mwalimu nimerudi. Nilikwenda maktaba ya mkoa nikakaa siku nzima. Nimeandika upya:

"Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha kama tani 230,000 za mkonge, na hakuna nchi iliyoizidi duniani. Kuanzia mwaka huo huo bei ilianza kushuka, kwa sababu viwanda vya Ulaya na Marekani vilipata kamba za plastiki zilizo rahisi zaidi. Serikali ilipochukua mashamba mengi mwaka 1967, ilichukua biashara ambayo soko lake lilikuwa limeshaanza kuanguka. Kwa hiyo Azimio la Arusha haliwezi kuwa sababu ya kwanza ya anguko la mkonge. Swali linalobaki ni kama usimamizi uliofuata uliliharakisha."

#22 Mama_Wawili_Makorora

Mashallah! Ni mtoto yule yule kweli?

#23 Mwalimu_Chumbageni

Ni yule yule mama. Hana maarifa mapya ya sarufi kuliko alipoandika ile ya kwanza.

Kijana wangu, nimefurahi sana. Tazama sentensi yako ya mwisho. Ile ya kwanza ilifunga mlango, zao lilikufa, basi. Hii imefungua swali, na hilo swali ndilo insha yako.

#24 Mjukuu_wa_Manamba

Mimi simkubalii huyu kijana, na nitasema kwa nini. Babu yangu alikuja manamba kutoka Makete, baba yangu alizaliwa kambini na akafanya kazi kwenye korona, mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge, mpaka uzeeni. Plastiki ilikuwepo, sawa. Lakini Brazil nayo ilikuwa inauza mkonge kwenye soko lile lile lenye plastiki, na ikatupita ikawa ya kwanza duniani. Wao hawakuona plastiki? Baba anasema korona ilisimama kwa kukosa vipuri, majani yanakatwa yanaozea kwenye troli, wafanyakazi wanakaa bila mshahara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa haifikishi hata tani 30,000. Huwezi kuniambia hiyo ni bei ya dunia peke yake.

Msiandike historia ya mkonge kwa kusoma maktaba tu. Wazee waliofanya kazi bado wako Pongwe na Ngomeni, wafuateni.

#25 Fasti_Yia_Ngamiani

Kaka nashukuru. Hilo la Brazil linanipa shida kweli, limegonga aya yangu katikati. Naweza kuja kuzungumza na mzee wako?

#26 Mjukuu_wa_Manamba

Karibu. Nitakutumia namba kwenye ujumbe wa faragha. Njoo asubuhi, mchana anapumzika.

#27 Mdau_wa_Takwimu

Mwalimu, bado nasema vyuo havitalifanya hili kwa kupenda, mpaka liwekwe kwenye mtaala na walimu walipwe kwa ajili yake. Lakini nimesoma aya mbili za huyu kijana mara kadhaa. Nitachangia karatasi na uchapishaji kwa semina yenu ya Septemba. Mkipata kumi na tano mimi nalipia wote.

#28 Mwalimu_Chumbageni

Mdau, Mungu akubariki, na hilo la mtaala uko sahihi. Sisi hatuwezi kulifanya kutoka hapa, wanaoweza wamo humu wanasoma.

Utaratibu, basi. Tutaanza wiki ya kwanza ya Septemba. Jumamosi na Jumapili, saa tatu asubuhi mpaka saa sita, wiki sita. Mahali nitatangaza nikishathibitisha. Nafasi ni kumi na tano na hatutazidisha hata akija mtoto wa nani, kwa sababu tukizidisha tunarudi kule kule ukumbini. Mama Makorora, binti yako nimemwandika. Tutakuwa na mada mbili tu, mkonge na bahari, kila mtu achague moja asibadilishe. Mhandisi, bomba tumeliweka kando kwa sasa kwa sababu hatuna mtu wa kulifundisha vizuri. Ukijitolea wewe, tutakuwa na ya tatu.

#29 Mhandisi_Sahare

Jumapili naweza. Niweke.

#30 Binti_Dunda

Na sisi Bagamoyo tunaanza yetu. Nimeshaongea na walimu wenzangu wawili. Mwalimu, nikikwama na mpango wa wiki kwa wiki nitakusumbua.

#31 Mwalimu_Chumbageni

Nisumbue, dada yangu.

#32 Nawaza_Pwani

Mwalimu mimi naingia chuo mwaka huu, nimechagua bahari. Babu yangu yuko Kigombe, alikuwa anatega jarife, na aliwahi kuvuta silikanti na wenzake. Naruhusiwa kumtumia kama marejeleo au lazima kitabu?

#33 Mwalimu_Chumbageni

Unaruhusiwa, tena nenda kabla hujafungua kitabu chochote. Muulize mwaka, kina cha maji, jarife lilitegwa saa ngapi na lilivutwa saa ngapi, walikuwa wangapi chomboni, samaki alikuwa hai au ameshakufa, na walimfanya nini baada ya kumtoa. Andika anavyosema yeye, usimrekebishe. Penye shaka muulize tena kesho yake. Siku ya kwanza uje na aya mbili, nakala kumi na tano.